Ukulele ya Mninga

Cheyo, Tabora

Kaka Badar,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mama bado yuko edani, na asali ya Sikonge mwaka huu imeadimika.

Zile ukulele za marehemu baba bado zimetundikwa sebuleni. Siku ya maziko nilizilegeza nyuzi zote, maana kwenye nyumba ya msiba hapapigwi muziki. Tangu hapo, kila nikirudi nyumbani kutoka dukani nazikuta zimekazwa, tena kwa sauti ile ile aliyoipenda yeye. Mama anasema ni joto. Joto gani linakaza nyuzi, kaka?

Unaikumbuka ile ya mninga aliyokuchongea mwenyewe? Hakuwahi kuitia nyuzi. Alikuwa akisema, "Nikishaitia nyuzi, Badar atakuja tupige wawili." Jana nimeikuta ina nyuzi zote nne.

Nilipomwonyesha mama, hakutaja tena joto. Aliigeuza ikatazama ukuta, akauliza kama umeshakata tiketi ya kutoka Muscat. Nikamjibu kwamba umekata.

"Mwandikie asije," akasema.

Simu yako haipatikani, ndiyo maana nampa Hamoudi, anayesafiri kuja huko, barua hii akuletee. Tulikulaumu sana kwa kukosa maziko. Sasa tunakuomba ukae huko huko.

Mdogo wako,
Jihan