Sikio Juu ya Meza

Jumatatu, 3 Machi
Nimepewa darasa la chekechea. Mimi! Niliyerudia kidato cha pili mpaka dawati likanizoea. Mazoezi ya ualimu, wiki nzima. Watoto wananiita Mwalimu Twiga. Poa tu — twiga huona mbali.
Kuna binti mmoja hasemi. Hulaza sikio mezani, macho nusu, kama anasikiliza mvua ya mbali. Nimembatiza Sikio. Nimemfanyia vichekesho vyangu vyote, hata cha bata. Wapi!

Jumanne, 4 Machi
Mkufunzi wetu atakuja Ijumaa kunipima. Kabla ya hapo nitembelee familia moja. Sheria yake: ukifika kwa watu, hujakaa bado, taja jema moja ulilomwona nalo mtoto wao. La kweli. Kisha nyamaza, waseme wao. Nikamwambia kunyamaza ndiyo shida yangu. Akasema hilo analijua.
Wenzangu wamechagua familia zinazochekacheka. Mimi nimechagua kwa kina Sikio. Dume ni dume!

Jumatano, 5 Machi
Babake ni fundi makochi. Wanafanyia kazi mbele, wanalala nyuma. Sponji kila mahali, na jua linapita kwenye vumbi lake la manjano — mtu unaweza kuota umesimama. Sikio kasinzia juu ya kochi lisilo na kitambaa. Nyundo inakwenda: ta, ta-ta. Moja ya kushika msumari, mbili za kuuzamisha.
Nikamwamkia. Karibu mwalimu, akasema, misumari mdomoni.
Nikatafuta jema. Kichwa cheupe! Siku tatu namwonyesha bata, sijamtazama hata kidogo. Na mdomo wangu haujui kukaa bure: "Mzee, binti yako anaimba vizuri mno darasani."
Nyundo ikasimama. Akaitoa misumari, mmoja mmoja, akaiweka kiganjani.
"Anaimba?"
Tangu mamake afariki hajaisikia sauti ya mtoto huyu, akasema. Alidhani mtoto amemkataa yeye. Kama huko anaimba, Ijumaa atakuja asikie.
Nikasema karibu sana mzee. Karibu sana! Mpumbavu wa kimataifa mimi.

Alhamisi, 6 Machi
Bibi, na utani wake kwa mjukuu: "Mume wangu, huli? Umeoa kwingine?" Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. Njia ya mwongo ni fupi, akasema, na wewe ulivyo na miguu mirefu hiyo, umeshafika.
Leo sikufanya bata. Nililaza sikio mezani kando ya Sikio. Mwanzo kimya. Halafu — miguu ya watoto kama ng'ombe wa mbali, bomba la maji linanung'unika, chumba kizima kinapumua ndani ya mbao. Sikujua meza ina habari zote hizo! Akagonga kwa ukucha: ta, ta-ta. Nikajibu. Akanitazama. Mara ya kwanza.

Ijumaa, 7 Machi
Babake Sikio kaja. Shati limepigwa pasi. Mkufunzi yuko nyuma ya darasa na kalamu yake.
Nikamwahi mlangoni. "Mzee, haimbi. Nilikudanganya. Sauti yake hata mimi siijui."
Uso wake! "Nimefunga kazi kuja hapa, mwanangu," akasema, akageuka aondoke.
"Ngoja. Ninalo moja la kweli. Hulaza sikio juu ya meza akiisikiliza. Halafu huigonga hivi." Nikagonga fremu ya mlango: ta, ta-ta.
Akasimama. 
"Hiyo nyundo yangu."
Mimi sikusema kitu. Mimi!
Akaingia. Akakaa kile kiti kidogo, magoti kidevuni, akalaza sikio mezani kumkabili mwanawe. Watoto wengine wako uwanjani na msaidizi wa darasa. Naandika hapa pajani. Ukucha wake mtoto, kidole kinene cha baba. Ta, ta-ta. Ta, ta-ta. Kalamu ya mkufunzi imeacha kwenda. Vumbi linaelea dirishani kama kule kwenye sponji.
Midomo ya Sikio inacheza. Labda ni pumzi tu. Simwambii mtu kwamba anaimba, ng'o!
Ananitazama. Ananionyesha upande wa meza ulio wazi —