Nilivyompuuza Babu Yako

Mwende, mjukuu wangu,

Natangaza rasmi kwa wakazi wote wa Tassia: babu yako amenunua ndara mpya! Sisi wazima.

Unauliza tofauti ya kudharau, kutojali na kupuuza. Ukimdharau mtu, unamwona si kitu. Usipomjali, humfikirii kabisa. Lakini kupuuza ni kazi! Unamwona vizuri, kisha unajifanya humwoni.

Ndivyo nilivyomfanyia babu yako, kijana mchonga vinyago, kila asubuhi nikipita kibandani kwake.

"Sasa, mrembo?"

Kimya!

Siku moja hakunisalimu. Nilirudi mbio.

"Leo hunisalimii?"

"Kumbe una masikio!"

Nimewaringia ninyi wajukuu miaka yote kwamba nilimpuuza, lakini ukweli ni huu: kibanda chake hakikuwa hata kwenye njia yangu ya kwenda kazini.

Nyanya yako