Saa Yenye Kukosa Sauti Moja

Baba Solange wangu,

Saa yako inalia tena. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua, hata kama furaha niliyoingojea haikukuja.

Unakumbuka nilivyoiogopa nilipoingia mu hii nyumba nikiwa bibi-arusi? Baba yako alitumika kazi mu reli, na muzungu wake mukubwa alipokuwa anarudi kwao akamuachia ile saa ya ukuta. Nilijua saa zenye kupiga kengele. Sikujua saa yenye kuimba, na picha ya rangi nyuma ya kioo inatembea: treni inavuka daraja, na chini, mu muto, mwanamuke anayefua nguo anainua mukono. Nilifikiri ananisalimia, nikamuitikia. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Ndani yake, kale kachanuo ka chuma kanakoimba, kila jino sauti yake, kalikosa jino moja, basi karibu na mwisho wimbo uliruka sauti. Ile sauti uliijaza wewe na muluzi. Uwe unaoga, uwe inje unafunga mbuzi, hata na tonge la bukari mu kinywa. Nilikugombeza, nikasema bukari itakuziba koo. Ukanijibu, "Mama Solange, ile jino njo miye."

Kila siku ya Mungu ukitoka misa, mbele ya kuvua kostime, ulitoa ufunguo mu mufuko wa koti ukauzungusha kuijaza saa, ukaurudisha mu mufuko. Halafu ukatuacha. Bamama balikuosha, bakakuvalisha kostime ile ile. Hakuna aliyepekua mifuko. Nani angethubutu? Mujane akitia mukono mu mufuko wa bwana yake mbele ya bandugu, kesho bangesema alikuwa anatafuta mali.

Kilio hakijaisha, saa ikasimama, treni katikati ya daraja. Shangazi yako akasema hata saa inamulilia mwenye yake, na bantu bote bakakubali. Mi pia nilikubali. Balipokwisha kurudi kwao njo nilitafuta ufunguo, nikapindua hata godoro, mpaka nikakumbuka ile koti. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia sana.

Solange alinipigia kutoka Kasumbalesa, akasema niuze saa, nifunge nyumba, niende kukaa kwake kule mupaka. Nilikataa. Nilitaka kitu kimoja tu: kusikia nyumba yetu vile ilivyokuwa na wewe ndani. Nikapeleka saa kwa fundi, akanichongea ufunguo mupya.

Juzi, nikitoka misa, nikaujaribu. Treni ikamaliza daraja. Yule mwanamuke akainua mukono. Wimbo ukaanza, na mi nikageuka kuangalia mulango wa chumba, kama mupumbavu, nikikungojea. Pale pa jino pakafika. Kimya. Kisha wimbo ukaendelea.

Sasa kila ikipiga inanikumbusha kama hauko. Nimewaza kuisimamisha, lakini nyumba bila saa ni mbaya zaidi, niliionja. Mama yako alinifundisha kama mwanamuke akipiga muluzi mu nyumba anaita nyoka. Ikuje basi, nitapata mugeni. Jana nilifunga mulango nikakunja midomo. Kulitoka mupepo tu.

Kaa na ufunguo wako, Baba Solange, siuombi tena. Niishie hapa. Saa iko karibu kupiga, na mi nataka kulowanisha midomo kwanza.

Muke wako,
Mama Solange