Bunduki Inayopiga Mbali na Mutu Anayetangulia Mbele

Hudson, weye ni mutu mukubwa na hauna haya. Barua yako imejaa bunduki kutoka juu mpaka chini, na mutu aliyevunjika mbavu umemuweka katikati pale kidogo, kama chumvi. Naiweka hapa yote ili wasomaji bajionee. Halafu nitakujibu, ingawa nimechoka, na habari za bunduki zilinichosha tangu tukimbie vita Uvira, kwetu Kongo.

*Mpendwa mshauri, Kaaka Nabintu, naomba msaada, mimi ni mtu wa Kaberebere, nilikuwa askari kwenye kambi ya Mbarara na nilikuwa mpiga shabaha hodari, watu wote wanajua, na tangu nistaafu naongoza wageni wawindaji kwenye mashamba ya ng'ombe karibu na mbuga, kazi yenye kibali kabisa, si ujangili. Sasa bosi amesema nichague bunduki moja iwe ya mkononi mwangu, atainunua yeye, na jibu analitaka Jumatatu. Ziko mbili. Ya kwanza ni milimita saba magnamu, ina darubini, risasi yake ni nyepesi na inakimbia sana, haianguki haraka, kwenye uwanja wa shabaha niligonga bati la mita mia nne mpaka wageni wakapiga makofi. Ya pili ni ile wanayoiita tatu-saba-tano, nzito, risasi yake nene kama kidole, ikipita mita mia mbili inaanza kuanguka, na teke lake kwa bega ni la punda, siku niliyoijaribu hata bati la karibu nililikosa, naye Kobusingye, binti karani wa bosi, akacheka, "Afande, bati liko mbele, haliko mbinguni!" Moyo wangu unataka milimita saba, lakini msomaji wangu wa nyayo, Bienfait, Mkongomani wa kijiji cha wakimbizi cha Misiera ambaye tumefanya kazi pamoja miaka mingi, amekataa. Mwezi uliopita, nikiwa naijaribu hiyo milimita saba, mgeni alimkosa mbogo akaniambia nipige mimi, nikapiga kutoka ng'ambo ya bonde, risasi ilimpata lakini haikufika ndani, akaingia kwenye mafunjo. Sheria yetu ni kumfuata mnyama aliyejeruhiwa, basi Bienfait akatangulia kusoma damu, mimi nyuma, kumbe mbogo amezunguka anatungoja, akatoka upande, akamrusha juu, mbavu zikavunjika kabla sijammaliza yule mnyama. Nilipokwenda kumsalimia akaniambia, "Afande, bunduki yako inafika mbali, na ni mimi natembea mupaka fasi inafika." Mke wake Goretti akanifuata mlangoni, "Bwana yangu si mbwa ya kunusa. Kama unapenda ile ya darubini, itume yenyewe ikasome nyayo!" Kaaka, nichague risasi gani, na huyu Bienfait nimweleze vipi mambo ya risasi mpaka aelewe? Ni mimi, Hudson.*

Unaniita kaaka, nyanya yako. Basi sikia kama mujukuu.

Kwanza pole. Kumuona rafiki hewani juu ya pembe si jambo ndogo, na najua usiku haulali vizuri. Hapo huruma yangu imekwisha.

Umepima bonde, umepima bati, umepima risasi inaangukia fasi gani. Bienfait alishika nini mukononi? Haukuandika. Nitaandika mimi: fimbo. Mume wangu Anatole aliwinda katika milima yetu na bunduki ya kalibri kumi na mbili, na bale bote waliotangulia kusoma damu walishika fimbo. Mwenye bunduki anakuja nyuma, halafu jioni ni yeye anahadisia. Unataka Bienfait aelewe mambo ya risasi? Alielewa, Hudson, kwa mbavu zake. Ni weye haujaelewa.

Kuchagua kunaanza na munyama unayemuendea, halafu risasi, bunduki inakuja mwisho. Weye ulianza na makofi ya wageni. Kama ni swala kwenye uwanja mweupe, ama bati siku ya mashindano, milimita saba ni nzuri, mimi siitukani. Lakini mbogo ana ngozi, ana mfupa, ana hasira. Risasi nyepesi ikitoka mbali vile, inafika kwake imechoka kama mimi ninavyofika kisimani. Inamuchoma tu, haimuangushi. Na bati ukilijeruhi halijifichi ndani ya mafunjo kukungojea. Usilinganishe tena bati na mbogo, unanitia kichefuchefu.

Sasa tuseme juu ya bega. Fasi hiyo niliisoma mara mbili. Shida yako si upepo wala umbali, ni teke, na kicheko cha yule binti. Unafumba macho kabla ya kuvuta. Askari muzima! Bega linafundishwa. Weka kitambaa kizito chini ya shati, laza bunduki juu ya miti mitatu iliyofungwa pamoja, piga bati la karibu, risasi chache tu kwa siku, uache kabla bega halijaanza kuogopa. Kobusingye acheke mupaka achoke. Kicheko hakijavunja mutu mbavu. Nimezika batu mingi kwa sababu ya mwanaume aliyeona haya mbele ya benzake, na sina tena machozi ya kumuwekea Bienfait.

Usingoje Jumatatu. Kesho asubuhi mwambie bosi ni tatu-saba-tano, na kwamba mbogo hapigwi mbali kuliko hatua mia moja, hata mgeni alie. Halafu panda pikipiki uende Misiera, umuombe Bienfait musamaha, Goretti akiwa amekaa pale anasikia. Mwambie Bienfait kwamba akirudi kazini yeye ataangalia chini, weye utatembea sambamba naye ukiangalia mbele, risasi ikiwa ndani, na akisema "turudi", munarudi bila maneno. Akisema kazi hiyo haitaki tena, usimubembeleze: rudi kwa bosi siku ileile, umutafutie kazi ya kukaa. Nenda.