Kabla Hujahamia Chuo Chengine

Al Khuwair, Maskati

Mdogo wangu Harub,

Sote hatujambo, twakusalimu. Picha yako ya mahafali Mama kaitundika sebuleni, na kila mgeni humwambia, "Mwanangu keshapata shahada, sasa anahamia chuo chengine acheze mpira wa Kimarekani mwaka wa mwisho anaoruhusiwa." Hajui kwa nini unahama.

Jana binamu yetu Wael alimwonesha kwenye simu video ya mazoezi ya timu yako. Mama akaona wachezaji wawili wanagongana, mmoja asiinuke. Hakukutambua ndani ya helmeti.

"Yule kijana kapona?" akaniuliza.

"Kafariki, Mama."

Akalia. "Na mamake, nani yuko naye?"

Uliniambia unamwona marehemu Desmond kila ukivaa jezi, na kwamba huko uendako hakuna anayekujua. Nnakuogopea, Harub. Atakufuata huko pia. Mazishini hukwenda. Basi usihame kabla hujafika kwa mamake, ukakaa naye, ukamwambia ni wewe uliyemgonga, hata akikufukuza.

Mama nitamwambia mimi kuwa ni wewe, leo akirudi kutoka Amerat.

Dada yako akupendaye,
Shaikha