Kamba ya Dani na Sekunde Zangu

S.L.P. 213,
Ndhiwa.
Jumapili, 30 Juni 1996.

Mpendwa dada Marion,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, bila malaria na bila kile kikohozi chako cha bwenini. Sisi huku hatujambo. Goti la nyanya yetu Dani bado linamsumbua. Asubuhi analilaumu, adhuhuri analitembelea hadi sokoni. Baba na Mama wazima. Levi ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa akijaribu kupiga mluzi inatoka hewa tupu. Na wewe je? Bado mnakula maharagwe yenye wadudu, au tangu ushinde mmeanza kupikiwa wali?

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ulisema huko kwenu Uriri mtu akipatikana na Kijaluo anavishwa kibao shingoni siku nzima. Sitaki barua yangu ivishwe kibao.

Mvua imekatika mapema. Mahindi ya karibu na mto ni mazuri, ya juu yamekuwa manjano. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, na Mama amesema nimpe jina. Bado sijampa.

Sasa nikwambie habari yenyewe, maana nimekuwa nikiizungukazunguka. Marion, nina wivu nawe. Usicheke. Si wivu wa kuchekwa. Unalala nami mkekani tangu mwanzo wa mwezi huu, na asubuhi tunaamka wote.

Siku ile barua yako ya kwanza ilipofika, Baba aliisoma akiwa amesimama. Kwamba umeshinda mashindano ya sayansi ya wilaya pale Migori, kwamba tarehe ishirini Julai utakwenda Kisumu kusimama mbele ya mkoa mzima. Akaisoma mara ya pili kwa sababu Elkanah mgonga kengele alipita na hakuwa ameisikia mwanzo. Kisha akachinja jogoo. Jogoo, Marion, kwa ajili ya mtu ambaye hata hakuwepo kumla. Nilimnyonyoa mimi. Nilipomaliza Baba akanitazama, akasema, "Umemwona mwenzako?"

Maneno mawili tu. Nimewahi kuchapwa na sikuumia vile.

Mwenzangu. Tulilala mkeka mmoja kwa Dani, tukasomea taa moja, tena ni mimi niliyekuwa nikipangusa kioo chake. Ukanipita alama chache katika mtihani wa darasa la nane, wewe ukaitwa shule ya bweni yenye maabara, mimi nikaja hii ya kutwa ambapo maabara ni kabati, na ufunguo wa kabati ulipotea kabla sijafika. Baba yako, Baba Mkubwa Dishon, ana mashua tatu pale Homa Bay, Baba ana jembe la ng'ombe. Hilo si kosa lako, najua. Lakini wazo je? Wazo lilikuwa la nani?

Unakumbuka vizuri. Likizo ya Aprili nilikuwa narudi na ng'ombe kutoka joshoni, nikamwona Elkanah kule mbali akigonga ile rimu ya lori inayotumika kama kengele ya kanisa. Mkono wake ulishuka, ukainuka tena, ndipo sauti ikanifikia. Nikasimama. Nikamwangalia agonge tena, ikawa vilevile. Usiku nikakusimulia, ukacheka, ukasema nimepigwa na jua. Kisha ukaacha kucheka. Ukakaa kitako juu ya mkeka, ukasema mwanga unafika papo hapo lakini sauti inatembea kwa miguu, na kama inatembea basi tunaweza kupima mwendo wake, umbali tugawanye kwa muda.

Haya, hapo pa kugawanya nakupa haki yako. Mimi niliona, wewe ukajua nimeona nini. Nami hata hilo linanichoma.

Lakini kazi tuliifanya wote. Ile barabara iliyonyooka kutoka kanisani hadi karibu na josho tuliipima kwa kamba mpya ya Dani, ile ya katani aliyonunua kwa Kerosi wa kamba ili akate vipande vya kufungia ng'ombe. Tulimwuliza Dani ni mita ngapi, akasema hamsini. Tukailaza mara kumi na nane, kila mwisho tukichomeka kijiti. Mita mia tisa. Wewe ukarudi kanisani na shuka jeupe la Mama, mimi nikabaki kule joshoni na saa ya mkono ya Baba Mkubwa, ile yenye kitufe cha kuhesabu sekunde. Elkanah akigonga unashusha shuka, mimi nikiliona nabonyeza, nikisikia mlio nabonyeza tena. Mara ishirini. Jua la saa saba, nzi wa joshoni machoni, na sikupepesa, kwa kuwa ningepepesa ningepoteza shuka. Wastani ukaja sekunde mbili nukta tisa.

Mia tisa gawanya kwa mbili nukta tisa ni mia tatu na kumi. Kitabu chako kikasema sauti hewani huenda karibu mita mia tatu arobaini kila sekunde. Ukasema si mbaya, labda ni upepo.

Na jioni ile ukachukua kamba hiyohiyo, ukamfunga Levi upande mmoja, ukaitikisa mara moja. Nundu ikatoka mkononi mwako ikakimbia hadi kiunoni kwake, lakini kamba yenyewe haikwenda popote. Ukamwambia sauti ni hivyohivyo, hewa ya kanisani haiji kutugonga sikioni, inasukumana tu, kila kipande kinamsukuma jirani yake, kinachosafiri ni ule msukumo. Levi akaelewa, mtoto wa darasa la pili. Hata Dani aliacha kupepeta akatazama. Mimi ningehitaji wiki nzima kueleza hilo, na bado Levi angelala. Nikasema moyoni, huyu Mungu amempa mdomo, mimi amenipa macho, na dunia hii inapigia makofi mdomo.

Basi ukapeleka kazi Migori. Katika barua uliandika "jaribio langu". Nilisoma neno hilo mpaka karatasi ikalainika.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokukosea.

Siku mbili baada ya yule jogoo, Dani aliniambia nikate ile kamba, vipande vya mita tano tano, ng'ombe wamechoka kufungwa na matambara. Nikaazima rula ya ubaoni shuleni, nikakata. Nikapata vipande kumi, na kamba ikabaki. Nikapima kilichobaki, mita tano kamili. Nikadhani nimekosea kuhesabu. Nikavipima vyote upya mbele ya Dani, naye akaniangalia kama anayeangalia mtu asiyejua kuchota maji. Akasema, "Hiyo ni nyongeza yangu."

Umeelewa? Kerosi ana misumari miwili kwenye meza yake, mita moja katikati, na kwayo alimpimia Dani hamsini. Kisha Dani akadai nyongeza. Akampa moja. Dani akakaa chini juu ya bunda la kamba, akamwambia goti linauma, atapumzika hapo mpaka soko lifungwe. Kerosi akazifikisha tano ili ainuke. Na wewe unajua desturi yetu, nyongeza ya sokoni haihesabiwi. Ukinunua omena kopo mbili, muuzaji akakuongezea konzi, nyumbani unasema nimenunua kopo mbili. Dani hakutudanganya. Tulimwuliza kamba ya mita ngapi, akatujibu alichonunua. Alichopewa hatukumwuliza.

Kwa hiyo kila tulipoilaza ile kamba tulilaza hamsini na tano, tukaandika hamsini. Mara kumi na nane.

Niliandika hesabu kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Mita tano mara kumi na nane ni tisini. Barabara yetu si mia tisa, ni mia tisa na tisini. Gawanya kwa mbili nukta tisa. Mia tatu arobaini na moja, Marion. Ileile ya kitabu. Nilibaki nimesimama pale na kipande cha mkaa mkononi, na nikafurahi jinsi ambavyo sijawahi kufurahi katika mtihani wowote.

Kisha nikachukua majivu nikafuta ukuta.

Wiki tatu sikukwambia. Nilijua, na nikanyamaza kwa makusudi. Nikichota maji nakuona Kisumu, umevaa sare yako iliyopigwa pasi, jaji mwenye miwani anauliza mbona sauti ya kwenu Ndhiwa inachechemea, na ule mdomo wako umefungwa. Niliiona picha hiyo nikaipenda. Nikiwa kanisani nikaipenda. Haki ya Mungu, kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii aliye nguoni ni mimi. Nisamehe, au usinisamehe kwanza, maliza kusoma.

Alhamisi ikaja barua yako ya pili, ya kwangu peke yangu. Umeandika kwamba ile mia tatu na kumi inakunyima usingizi, kwamba majaji wa mkoa si kama wa wilaya. Ukasema msichana mmoja wa bwenini amekushauri ubadilishe sekunde, uandike mbili nukta sita tano badala ya mbili nukta tisa, jibu litatoka zuri na hakuna atakayejua. Ukaongeza, kwa upole kabisa, kwamba huenda mkono wangu ulichelewa kubonyeza, kwa sababu sikuwa nimezoea saa.

Nilisoma hapo nikainuka. Nikatoka nje nikazunguka zizi mara mbili.

Mkono wangu haukuchelewa. Ungechelewa kidogo, ungechelewa kwenye shuka na ukachelewa vilevile kwenye mlio, na kuchelewa huko kungejifuta kwenyewe. Hilo nimelifikiri mwenyewe, bila maabara. Zile sekunde mara ishirini nilizihesabu nikiwa na nzi kwenye kope. Katika kazi ile yote kitu pekee ambacho ni changu na hakuna aliyekigusa ni zile sekunde. Jogoo amekuwa wako, Kisumu ni yako, na jaribio umeliita lako. Sekunde hapana.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia kwa sababu nimekuwa mtu mwema. Wivu ndio ulionifunga mdomo na wivu ndio umeufungua. Ungeiacha ile mia tatu na kumi ilivyo, nadhani ningenyamaza hadi Julai, nami ningeishi na aibu hiyo hadi uzee. Lakini ukibadilisha sekunde utakuwa umeandika uongo juu ya macho yangu, na njia ya mwongo ni fupi; jaji mmoja akikwambia urudie hesabu za mara zote ishirini, utaishia hapohapo.

Fanya hivi. Sekunde usiziguse. Andika mita mia tisa na tisini. Usifiche kwamba mwanzo uliandika mia tisa. Eleza kosa lilivyokuwa, mweleze Kerosi na misumari yake na Dani juu ya bunda la kamba. Una mdomo wa kueleza hayo, watacheka, na wakishacheka waonyeshe ile nundu ya kamba. Nimekutumia ndani ya bahasha kipande kidogo nilichokikata kwenye zile mita tano, ukibandike kwenye chati. Nilimwomba Dani ruhusa. Alikuwa ameshaifanya kamba ya kuanikia nguo, akanipimia urefu wa kidole na kusema hicho ndicho cha mwisho.

Na kitu kimoja zaidi, nacho sikiombi, nakidai. Wakikuuliza ni nani alikuwa kule joshoni, sema. Usiseme "mwenzangu". Taja jina. Taja na la Elkanah, mkono wake ulivimba siku mbili baada ya kugonga ile rimu, na hakuna aliyemchinjia kitu.

Baba bado hajui lolote. Nimeamua nisimwambie mpaka utoke Kisumu. Ukishinda atachinja tena, na safari hii nyonyoa mwenyewe.

Dani anakusalimu, anasema ule. Mama na Baba wanakusalimu. Levi anakusalimu kwa mluzi ambao hutausikia. Elkanah anasema kengele ni ileile. Msalimie Baba Mkubwa Dishon ukimwandikia, mwambie saa yake iko salama, naifunga kwenye kitambaa ndani ya sanduku la Mama na siichezei. Yule ndama nimempa jina sasa hivi nikiandika. Anaitwa Nyongeza.

Mungu akulinde barabarani hadi Kisumu, akupe usingizi usiku wa kuamkia siku ile, na akuweke imara mbele ya wale majaji.

Wako akupendaye, hata kijicho kikimjaa,

Dolphine, aliyeshika saa.