Nyumba Tuliyoipeleka Riyadh

Jumanne, 9 Desemba

Viungo vya pilau vimo kwenye chupa. Sufuria kubwa nimeifunga kanga isigonge. Mkeka, birika, kopo la chooni, vyote ndani. Nje liko karavani la kukodi, refu kama basi, na mtaa mzima wa Baghdadiyah umetoka kulitazama.

Wazo ni la mume wangu. Posa hupokewa nyumbani kwa msichana. Lakini Idrisa, kijana anayemtaka Salma wangu, kwao ni Riyadh, na mwenye kauli kwao ni bibi yake. Miguu haimruhusu kuja Jeddah, na asiporidhika yeye hakuna harusi. Hoteli niliikataa. Mwanangu haposwi hotelini. Baba Salma akasema, basi nyumba itamfuata Bibi. Nilimcheka sana. Sasa sicheki, napanga vikombe.

Jumatano, 10 Desemba

Tumefika alfajiri. Hifadhi nje ya Riyadh, miti ya miba, mahema ya Waarabu, baridi ya kukata masikio. Kuliegesha karavani kumechukua asubuhi nzima. Mbele, nyuma, na mashemeji zangu wawili wanapiga kelele kila mmoja na upande wake. Limekaa. Baba Salma kaapa haling'oi hapa mpaka siku ya kuondoka.

Jiko lipo. Choo kipo. Vitanda vya kukunjua! Nimefurahi kama mtoto. Umeme tumeunganishiwa, bomba la maji hapa hakuna, tunatumia tangi la karavani. Salma anatufuata nyuma, mmoja mmoja, akifunga mfereji.

"Mama, haya maji yana mwisho."

Wasiwasi umemjaa, masikini. Anampenda huyu kijana. Hajaniambia, lakini najua.

Alhamisi, 11 Desemba

Maji yamekwisha. Halas. Mfereji umekohoa tukiwa bado tunatawadha.

Sisi, mashemeji na wake zao, kila mtu, kila sala. Na chooni kopo haliingii tupu. Aliyelitengeneza karavani hili hakuwafikiria watu kama sisi.

Mlinzi kasema, "Mafi moya. Sabti." Maji hakuna mpaka gari la maji lije Jumamosi. Bibi anakuja kesho. Nimesema tulipeleke karavani getini, kwenye bomba la msikiti, kwa ndoo ni mbali. Baba Salma kashikilia kiapo chake. Nimemnunia mchana kutwa. Kanunua chupa za maji kwenye kiduka, alizozikuta. Zitatosha kupikia tu.

Nasikia huyu Bibi hutazama choo kabla hajamtazama bibi harusi. Naogopa, sifichi.

Ijumaa, 12 Desemba

Pilau limekunywa chupa zote.

Wanaume walikwenda kusali Ijumaa msikiti wa getini na ndoo. Niliwaambia, bila maji msirudi. Wakarudi ndani ya gari la wageni, wanacheka, wananukia udi. Ndoo? Wamezisahau msikitini. Nilitaka kulia.

Bibi kashuka taratibu. Mdogo wa umbo, macho makali. Ngazi za karavani kazitazama akazikataa, kakaa kwenye kiti, nje. Salamu hazijesha kaomba maji ya kutawadha, hajasali Adhuhuri. Baba Salma akakohoa. Mimi naokota punje za mchele kwenye mkeka, na punje zenyewe hazipo.

Mara Salma katoka. Anayeposwa hatoki! Hukaa ndani mpaka aitwe. Katoka na mtandio wake, kasimama mbele ya Bibi.

"Shikamoo, Bibi. Maji hatuna. Tumeyamaliza kwa kutawadha."

Nikaiona posa inakwenda zake.

Bibi kacheka mpaka kashika ubavu. "Marahaba, mwanangu. Mie nimekuja niulize dini ya nyumba hii. Basi siulizi tena."

Kamwita Idrisa, alete galoni la maji na birika kutoka kwenye buti la gari. Kumbe huyu Bibi hatoki kwake bila maji yake, tangu ujana. Salma ndiye aliyemmiminia.

Karidhika. Pilau limeisha, ukoko wote. Posa tumeipokea, harusi baada ya Ramadhani. Nilipiga vigelegele mpaka majirani Waarabu wakatuletea kahawa na tende. Baba Salma anatembea kifua mbele. Hata ndoo nimemsamehe.

Jumapili, 14 Desemba

Jeddah. Karavani limerudi kwa wenyewe. Sufuria imerudi kabatini.

Magharibi nilikuwa natawadha, mawazo mbali, mfereji unatiririka. Mkono wa Salma ukapita pembeni yangu ukaufunga. Akaenda zake.

Nimebaki nimesimama. Riyadh ni mbali.

Nikaufungua tena, kidogo, nione kama atarudi. Karudi.